Sungura wako mkubwa anahema? Maneno ya mtaani kuhusu moyo wake, na ukweli wenyewe

Sungura mkubwa wa kufuga nyumbani, hawa Flemish Giant na machotara wao wanaofika kilo 6 na kuendelea, akianza kuhema au kuzubaa basi mtaa mzima unakuwa madaktari. Huyu anakwambia ni joto la Mtwara tu, yule anasema ana presha, mwingine kapigwa jicho. Mi nafuga hawa wanyama na nawapenda sana, na inaniuma sana nikisikia sungura wa mtu kafa "ghafla" wakati dalili zilikuwepo muda tu ila kila mtu alikuwa anazisoma vibaya. Kwahiyo haya ndo maneno nayoyasikia zaidi, na kinachojulikana kuhusu kila moja.

"Sungura haugui moyo, hayo ni magonjwa ya watu"

Anaugua. Misuli ya moyo inaweza ikalegea na moyo ukatanuka mpaka ukashindwa kusukuma damu vizuri, valvu (vile vilango vya moyo) nazo zinaweza zikavuja, na damu ikianza kurudi nyuma maji yanajaa kwenye mapafu au kifuani. Na huku kutanuka kwa moyo kunatajwa zaidi kwa hizi mbegu kubwa kubwa. Hawa wakubwa hata umri wao ni mfupi kuliko wadogo, wengi wanaishi miaka 5 mpaka 8, kwahiyo akifika 4 au 5 mchukulie ni mtu mzima na umwangalie kwa jicho la karibu.

Ila pia sio kila anayehema ana ugonjwa wa moyo. Inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa uvimbe ndani ya kifua, inaweza kuwa vumbi. Huku kwetu msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kuanzia mwezi wa sita hivi, ukiwa na banda karibu na shamba lile vumbi linawasha macho na njia ya hewa, na sungura anahemea pua, mdomo sio njia yake ya kawaida, sasa pua ikiziba au ikiwaka hana pa kukimbilia. Mtoe hapo kabla mashine hazijaanza kupuliza. Ukishuku moyo, baki na neno "nashuku" mpaka daktari amguse.

"Shika kifua chake, moyo unadunda mno, ana presha"

Moyo wa sungura mzima anayejisikia vizuri kabisa unapiga mara 180 mpaka 250 kwa dakika, na akiogopa unapanda zaidi. Wa binadamu ni 60 mpaka 100. Ukiweka kiganja lazima uone ni mbio, hiyo peke yake haikwambii kitu.

"Ni joto tu, hata sisi tunahema"

Hili ndo linaloua wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sungura hatoi jasho, joto lake linatoka nje kupitia masikio, na hali ya hewa ikifika nyuzi 28 au 30 anaanza kuumia, sasa fikiria Mtwara au Lindi kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, unyevu wa baharini juu, na banda la bati. Kwahiyo ndio, joto linamfanya aheme. Lakini moyo mbovu nao unamfanya aheme, na joto linaubana moyo mbovu zaidi, na we kwa macho ya haraka haraka huwezi kutofautisha.

Namna ya kutofautisha ni kuhesabu pumzi. Msubiri atulie kabisa, alfajiri au usiku kukiwa na ubaridi kidogo, usimshike, kaa mbali kidogo uangalie ubavu. Usiangalie pua, maana pua ya sungura inachezacheza kwa kunusa na watu wengi wanahesabu kunusa wakidhani ni kupumua. Ubavu ukipanda na kushuka hiyo ni moja. Hesabu sekunde 30 kwenye simu halafu zidisha mara mbili. Akiwa ametulia inatakiwa iwe kati ya 30 na 60 kwa dakika. Andika namba na saa. Rudia kila siku muda ule ule, kwa sababu cha muhimu zaidi ni namba yake yeye mwenyewe imebadilikaje, sungura ambaye siku zote ni 40 akafika 70 alfajiri ya ubaridi akiwa kalala tu, hapo usiniambie ni joto.

Mchana ukimkuta anahema, kwanza mpoze: mhamishie sakafuni kwenye kivuli, funga chupa ya maji ya barafu kwenye kitambaa uiweke pembeni yake, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida, feni isimpige usoni. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji. Akipoa pumzi ikashuka, sawa, ila banda hilo lihamishwe au liezekwe makuti. Akipoa na pumzi haishuki, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Na ukiona kanyoosha shingo kainua kichwa juu huku matundu ya pua yametanuka, au anahemea mdomo, au midomo na fizi zimekuwa za bluu, hapo hata kuhesabu usihesabu, ni dharura.

"Amenenepa, ndo maana amekuwa mvivu"

Pitisha mkono mgongoni. Sungura mwenye moyo unaochoka mara nyingi misuli ya mgongo na mapaja inaisha, mifupa unaihisi, wakati kwa macho manyoya mengi na tumbo vinakudanganya kwamba ni bonge. Anakula taratibu, ananusa anaacha, harukiruki tena, masikio yanakuwa baridi. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, anaficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha ziishe. Mpime kwenye mizani kila wiki, hata ile ya dukani kwa jirani inatosha.

"Macho yamemtoka, kapendeza"

Macho yote mawili yakianza kutokeza nje, hasa akiinamisha kichwa, ni dalili kwamba damu inashindwa kurudi vizuri kifuani, ama kwa moyo ama kwa uvimbe uliobana mshipa mkubwa. Sio urembo. Mpeleke.

"Majani ni majani, sungura anajua mwenyewe kinachomfaa"

Hajui. Parachichi, kuanzia jani mpaka tunda, lina sumu inayoharibu misuli ya moyo wa sungura, na hii imethibitika, sio hadithi, kwahiyo maganda ya parachichi yasifike bandani hata kidogo. Kisamvu kibichi nacho, hasa cha muhogo mchungu, kina sumu inayozuia mwili kutumia hewa na mnyama anaanza kupumua mbio mbio, mtu anadhani moyo kumbe ni muhogo wa nyuma ya nyumba. Chakula chake kikubwa ni nyasi, nyasi nyingi, kila siku.

"Mpe robo ya kidonge cha presha cha bibi"

Jamani, hapana. Kuna dawa za moyo za binadamu ambazo madaktari wa mifugo wanazitumia kweli kwa sungura, Lasix, ile ya kupunguza maji mwilini, ni mojawapo, ila dozi inapigwa kwa uzito na hali yake, na ikizidi inamkausha maji mwilini. Sungura akikauka, tumbo linasimama, na tumbo la sungura likisimama unaweza kumpoteza kabla moyo haujamaliza kazi. Na ile tabia ya kwenda duka la dawa kuchukua amoksilini "labda ni kifua" ni mbaya zaidi: amoksilini, ampisilini na penisilini za kunywa zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, anaharisha, anakufa.

Kwenye mstari huo huo kuna wanaosema kama ana maji kwenye mapafu apunguziwe maji ya kunywa. Usithubutu. Maji yawepo muda wote, kwenye bakuli asiloweza kulipindua. Masaa 12 mfululizo bila kula ni dharura, moyo au sio moyo.

"Mlaze chali utamuona anatulia"

Hatulii, anaganda kwa woga. Tena kwa mnyama mwenye maji kifuani, ukimlaza chali matumbo yanasukuma mapafu yanakosa nafasi. Ukimbeba, kifua kiwe juu, mkono mmoja unashika makalio, asining'inie, huyu ni mzito. Na msimu wa ngoma za jando na unyago, mwingize chumba cha ndani, woga peke yake unaweza kuumaliza moyo ambao tayari ni dhaifu.

"Huku kusini hamna vipimo, kumpeleka ni kujisumbua"

Vipimo vikubwa kama altrasaundi ya moyo ni kweli sio vya kila kona, na kumbebesha sungura mgonjwa barabara ya zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar ni uamuzi wa kufikiria vizuri na daktari, sio wa pupa. Ila daktari wa mifugo akiwa na kile kipimo cha kusikilizia kifua na masikio mazuri anapata mengi, anasikia mapigo yasiyo sawa, anasikia mapafu kama yana maji, na anaweza kuamua dawa ya kupunguza maji ijaribiwe kwa uangalizi uone pumzi inashuka au la. Akisema ni moyo sio kwamba ndo basi, wapo wanaoishi miezi mingi tu kwa dawa, ubaridi na utulivu.

Muulize kwanza kwa simu kama ameshawahi kutibu sungura, maana wengi kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Mpeleke alfajiri, kwenye boksi lenye matundu na nyasi anazozijua, sio kwenye kiroba nyuma ya bodaboda. Na nenda na ile karatasi ya namba za pumzi na uzito, pamoja na video uliyochukua nyumbani akiwa katulia, ubavu unaonekana vizuri, kwa sababu akishafika pale mezani kwa mgeni atapumua mbio tu hata angekuwa mzima, na daktari bila ile video hana namna ya kujua kawaida yake ikoje.