Msichana anapobalehe: maswali na majibu kuhusu mwili na hisia

Wazazi wengi huanza kuzungumza na binti siku wanapoona nguo yake ina damu. Kufikia siku hiyo amekwisha kubadilika kwa takriban miaka miwili, na huenda muda wote huo amekuwa akijiuliza mambo peke yake. Ndiyo maana maswali haya hayaanzi na hedhi. Yanaanzia pale mwili wenyewe unapoanzia.

Binti yangu ana miaka 9. Anasema ana uvimbe mgumu chini ya chuchu, upande mmoja tu, na akigongwa unauma. Ni ugonjwa?

Kwa umri huo, karibu kila mara ni titi linaloanza kuota. Kwa wasichana walio wengi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kubalehe, na huonekana kati ya miaka 8 na 13. Upande mmoja kutangulia ni jambo la kawaida. Wa pili unaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Hata kwa wanawake watu wazima, matiti mawili yanayolingana kabisa ni nadra. Msiubinye uvimbe huo, msiukande, wala msiupake dawa yoyote. Fulana laini au sidiria isiyobana inamtosha. Lakini ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au chuchu ikitoa usaha, mpelekeni akaonwe na daktari.

Ni nini kinachouamuru mwili uanze?

Ubongo. Sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi huanza kuiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutuma homoni zinazoziamsha ovari, yaani vifuko vya mayai. Ovari zikiamka hutoa istrojeni, na istrojeni ndiyo inayokuza matiti, kutanua nyonga na kuandaa mfuko wa uzazi.

Nywele za kwapani na za sehemu za siri, pamoja na harufu mpya ya jasho, kwa sehemu kubwa huletwa na homoni nyingine zinazotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Njia hizo mbili haziendi sambamba. Ndiyo sababu msichana mmoja huanza na matiti na mwenzake akaanza na nywele, na wote wawili wakawa wazima. Lini hasa ataanza hutegemea zaidi urithi: umri ambao mama alivunja ungo unaweza kudokeza wa binti. Lishe, maradhi ya muda mrefu na mazoezi mazito navyo vina nafasi yake.

Kwa nini nguo na viatu vinambana ghafla, na mbona amenenepa?

Kwa sababu huu ndio wakati wa kurefuka. Miguu na mikono hutangulia, kisha kiwiliwili hufuata, na katikati hapo msichana anaweza kuonekana kama hajazoea mwili wake; hujikwaa na kuangusha vitu. Kasi hufikia kilele kabla ya hedhi ya kwanza, wakati anaweza kuongezeka takriban sentimita 8 kwa mwaka. Baada ya kuvunja ungo, wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 tu, kisha husimama.

Mafuta yanayojaa kwenye nyonga, mapaja na matiti ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Kumnyima chakula ili “apungue” ni kosa, na mzaha wa watu wazima kuhusu umbo lake ni mbaya zaidi. Anausikia kwa namna ambayo hakuusikia alipokuwa na miaka 6.

Ninaona ute mweupe kwenye chupi. Nimefanya nini?

Hujafanya kitu. Istrojeni imeanza kazi, na uke unajisafisha. Ute ulio wazi au mweupe, usio na harufu kali, mara nyingi huanza miezi 6 hadi 12 kabla ya hedhi ya kwanza. Osha sehemu ya nje kwa maji. Usiingize sabuni wala kitu kingine ndani ya uke. Ukitoka chooni, jifute kuanzia mbele kwenda nyuma. Ute ukiwa wa kijani, ukinuka, au ukiambatana na muwasho, mwambie mtu mzima unayemwamini akupeleke kituo cha afya.

Hedhi ya kwanza itakuwaje?

Pengine haitafanana na damu kabisa. Wengi huona doa la rangi ya kahawia na kudhani wamejichafua. Huja takriban miaka 2 hadi 3 baada ya matiti kuanza kuota, mara nyingi kwenye miaka 12 au 13, na hudumu siku 2 hadi 7. Damu inayotoka kwa siku zote hizo kwa kawaida ni vijiko vichache, ingawa ikisambaa kwenye nguo huonekana nyingi.

Usitarajie ije kwa tarehe. Katika miaka miwili ya mwanzo ovari hazitoi yai kila mwezi, hivyo siku kati ya hedhi moja na nyingine zinaweza kuwa 21 au zikafika 45. Andika siku inapoanza kila mara. Baada ya muda utaujua mwendo wako.

Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 8, hata kama haijajaa. Ya kitambaa ifuliwe kwa maji baridi na sabuni, kisha ianikwe juani ikauke kabisa. Kuificha chini ya godoro ikiwa mbichi ni kukaribisha vijidudu, na ni aibu isiyo na sababu. Kuoga, kukimbia, kucheza, yote yanawezekana siku hizo.

Maumivu ya chini ya tumbo hutokana na mfuko wa uzazi kujikaza ili kutoa utando wake wa ndani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia, na mazoezi mepesi pia. Ibuprofen hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza, pamoja na chakula, kwa kipimo cha umri wake. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo amuulize kwanza mhudumu wa afya.

Jana alikuwa anacheka, leo amejifungia chumbani analia. Ni homoni?

Kwa kiasi fulani. Sehemu za ubongo zinazobeba hisia hupevuka mapema kuliko zile za kupima na kujizuia, ambazo huendelea kukua mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Saa ya usingizi nayo husogea: anachelewa kusinzia lakini shule haisogei, ilhali anahitaji saa 8 hadi 10. Ukiongezea mwili mgeni, macho ya watu na kulinganishwa na wenzake, hasira za jioni zinaeleweka.

Hata hivyo, sipendi jinsi neno “homoni” linavyotumika kumnyamazisha. Huenda analia kwa sababu kuna mtu anamtania, anamshika au anamtisha. Muulize, kisha subiri jibu. Wengi huzungumza vizuri zaidi mkiwa mnafanya kazi pamoja kuliko mkiwa mmeketi uso kwa uso. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, akiacha kula au akiwakimbia rafiki zake, anahitaji msaada wa kitaalamu. Akitaja kujiumiza au kutaka kufa, msisubiri wiki hizo: mpelekeni siku hiyohiyo.

Na chunusi?

Osha uso kwa upole mara mbili kwa siku na usizitumbue. Epuka krimu za kung’arisha ngozi. Zikiwa kubwa na zinaacha makovu, zipo dawa.

Ni lini twende hospitali?

Dalili za kubalehe zikianza kabla ya miaka 8. Matiti yakiwa hayajaanza kuota kufikia miaka 13. Au hedhi ikiwa haijaja kufikia miaka 15. Vilevile akilazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, akitokwa na damu zaidi ya siku 7, au akikosa shule kila mwezi kwa maumivu.

Msichana ambaye hajawahi kuona hedhi anaweza kupata mimba?

Anaweza. Yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza.

Mimi ni baba ninayemlea binti peke yangu. Nianzie wapi?

Nunua pakiti ya pedi kabla hajaihitaji. Fungua moja mbele yake, mwonyeshe upande wa gundi unavyobandikwa kwenye chupi, kisha mwambie zitakaa wapi na kwamba zikikaribia kwisha aseme tu. Mwekee moja kwenye mkoba wa shule pamoja na chupi safi. Kama kuna shangazi au jirani anayemwamini, mwombe awe tayari kwa yale ambayo hatataka kukuuliza wewe, na umjulishe binti kwamba umemwomba.