Mwalimu mmisionari analipwa na nani? Nawaeleza kutokea Manila

Kila nikirudi Mwanza swali la kwanza ni lilelile, "mwalimu, huko wanakupa dola ngapi?", na nikijibu kwamba shule hainipi hata senti watu wanacheka, wanaona nawaficha. Na siku hizi walimu vijana wananifuata inbox wanataka kujua inakuwaje, basi wacha niandike mara moja.

Mi nafundisha hesabu, kidato cha juu, kwenye shule ya kimataifa ya wamisionari nje kidogo ya Manila. Yaani Msukuma anafundisha watoto wa Kikorea mtaala wa Kimarekani ndani ya Ufilipino. Wengi wao ni watoto wa wamisionari. Wafilipino wenyewe ni Wakristo toka zamani, Wakatoliki ndo wengi, kwa hiyo watu wanashangaa hao wamisionari wanafuata nini huku. Sababu moja kubwa ni lugha. Nchi ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 170, watafsiri wa Biblia wa shirika la SIL walianza kazi hapa 1953, na redio ya Kikristo ya FEBC ilishaanza kurusha matangazo kutoka Manila tangu 1948. Sasa mtu anayetafsiri huko milimani kisiwa cha Mindoro ana watoto, na watoto wanakua. Wakiwa wadogo mama anawafundisha nyumbani, ila mkubwa akifika umri wa sekondari, wa kumfundisha fizikia na kemia hayupo, na hapo ndo familia nyingi hufungasha na kurudi kwao kazi ikiwa nusu. Ndo maana ikaanzishwa Faith Academy, shule ya watoto wa wamisionari, hapa mkoa wa Rizal jirani na Manila, mwaka 1957. Sisi wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) hii habari tunaijua vizuri, wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission) walifungua shule ya Rift Valley Academy Kijabe, Kenya, mwaka 1906, na walipoingia Nassa kwetu Usukuma 1909 watoto wao wengi walikuwa wanapelekwa kusoma hukohuko Kenya.

Kwa hiyo kazi yangu kimsingi ni kumfanya mtu mwingine asiondoke kwenye kazi yake. Haina picha nzuri za kutuma kanisani, hakuna ubatizo mtoni, ni mimi na ubao na hesabu za kalkulasi (calculus), halafu mwezi wa tano mtihani wa Kimarekani wa AP, wa kiwango cha chuo, alama 1 mpaka 5, na wazazi wanafuatilia matokeo kama NECTA.

Sasa hela. Shule za namna hii wakitoza ada ya kulipa walimu mishahara ya kimataifa, mmisionari hatoweza kulipa, shule itabaki ya watoto wa mabalozi na wafanyabiashara. Ujanja wao ni kwamba mwalimu anakuja na wachangiaji wake mwenyewe. Shirika linalokutuma linakupangia bajeti, kodi ya nyumba, chakula, bima ya afya, viza, tiketi, akiba ya uzeeni, asilimia fulani ya ofisi ya shirika, halafu unazunguka makanisani na kwa marafiki mpaka ahadi za kila mwezi zifikie kiwango, ndo unaruhusiwa kupanda ndege. Yaani ada ya mtoto wa mtafsiri imeshushwa na bibi fulani wa Igoma anayetuma elfu kumi kwa M-Pesa bila kumjua huyo mtoto.

Na hapa ndo penye ugumu kwetu, niseme ukweli. Mwenzangu kutoka Marekani ana makanisa ambayo kamati ya misheni iko kwenye bajeti ya mwaka tangu babu yake, yeye anaandika barua ya habari na mambo ya kuombewa kila baada ya miezi kadhaa na mambo yanaenda. Kanisa letu linachangia vizuri ajabu, mwenye kupinga aende akaangalie kamati ya harusi au msiba au siku ya kuezeka bati, ila linachangia tukio, watu wanatoa siku hiyo wanapiga vigelegele imeisha. Kumlipia mtu mwezi hadi mwezi, tena mtu aliyeko Ulaya au Asia, hawajazoea, maana miaka zaidi ya mia tumezoea mmisionari ndo analeta. Januari ikifika ada za watoto zinabana na mchango unashuka, kila mwaka, na siwalaumu kabisa. Kinachosaidia ni kuwa na kikundi kidogo chenye mweka hazina wao wenyewe, wanakumbushana wasap, mimi nisiwe ndo nadai. Kutegemea wachungaji peke yao haitoshi, wanahamishwa.

Watoto sasa. Muulize mwanafunzi wangu kwao ni wapi uone anavyohangaika. Pasi ya Korea, kazaliwa kisiwa cha Mindanao hapahapa Ufilipino, Kiingereza cha Marekani. Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani, aliwaona watoto wa aina hii India miaka ya 1950 akawaita watoto wa utamaduni wa tatu, yaani si wa kwao wazazi wala wa nchi wanakokulia, ni wa katikati. Kinachowaumiza zaidi ni kuagana. Kila mwisho wa mwaka wa shule rafiki anaondoka, mwalimu anaondoka, na mtoto aliyeagana sana anaanza kutojisumbua kuzoea wageni, nimekuwa naliona hilo darasani. David Pollock, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu watoto hawa, alipanga hatua nne za kuaga ambazo shule nyingi tunazifuata, mtoto apatane na aliyekosana naye, ashukuru, aage watu na hata vitu na mahali, halafu aanze kufikiria anakokwenda. Inaonekana kitu kidogo lakini hiyo hatua ya kwanza ukiiruka, mtoto anabeba ugomvi mpaka chuo.

Mengine ni ya kawaida. Tufani ikija, kuna namba za tahadhari za serikali, kwa kawaida namba 2 inafunga shule mpaka za sekondari, watoto wanashangilia. Chakula wali asubuhi mchana jioni, ugali nasonga mwenyewe, na mlonge wanautia kwenye supu ya kuku, tamu kweli.

Anayetaka kuja, awe na digrii ya ualimu na uzoefu wa darasani, Kiingereza kizuri na barua ya kanisa lake. Walimu wa sayansi, hesabu na elimu maalumu wanatafutwa kila mahali. Maombi ya nafasi anza mapema, masomo huanza Agosti na kutafuta wachangiaji huwa kunachukua muda kuliko viza. Na kabla ya kujaza fomu yoyote ongea na mkeo au mumeo, maana kwenye usaili wanawahoji wote wawili.