Upele sio damu chafu, Hebra alishathibitisha tangu karne ya 19

Ndugu zangu, hili la kusema mtoto mwenye upele (ule wa kuambukiza, scabies) ana damu chafu kwa hiyo anyweshwe madawa ya kusafisha damu sio la kwetu peke yetu, hata Ulaya miaka ya 1830 maprofesa wakubwa walikuwa wanafundisha hivyohivyo, na wengine waliogopa kabisa kupaka dawa kwenye ngozi eti ugonjwa utakimbilia ndani.

Aliyewabishia kwa vitendo ni Ferdinand von Hebra, mzaliwa wa Brno (Jamhuri ya Czech ya leo), 1816, aliyesomea udaktari Vienna, Austria. 1841 akaanza kazi hospitali kuu ya pale chini ya Josef Škoda, bingwa wa magonjwa ya kifua, na wagonjwa wa ngozi walikuwa wamebanwa humohumo kwenye kitengo cha kifua, wengi wao ni upele tu. Kijana akawapenda hao hao. Sasa mdudu mwenyewe anayeleta upele, mdogo sana anayeishi kwenye ngozi, alishaonekana zamani, Bonomo wa Italia alimuelezea 1687, na 1834 mwanafunzi mmoja wa Corsica anaitwa Renucci alimtoa kwa sindano mbele ya madaktari wa Paris, ila bado wakubwa wakashikilia kwamba mdudu anakuja baada ya ugonjwa. Hebra akachukua wadudu akajiwekea kwenye ngozi yake mwenyewe, mtu mzima wa afya, na upele ukamtoka! Akaandika matokeo yake 1844, na wagonjwa wake akawatibu kwa dawa ya kupaka, bila kuhangaika na damu.

Kwa kweli mimi namheshimu sana kwa hilo, maana ndio msingi wa tunachokifanya kliniki hadi leo. Huyo mdudu jike ana kama milimita 0.4, anachimba kijishimo kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo, ndio maana unakuta vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, na muwasho unazidi usiku. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6, yaani anaambukiza wenzake huku hajijui.

Hapo ndipo familia nyingi zinakwama. Anapakwa mtoto anayejikuna tu, baba na dada wa kazi wanaachwa kwa sababu hawawashwi, baada ya muda upele umerudi, kisha inaonekana dawa ni feki au damu bado chafu. Wapakwe wote wanaoishi pamoja, siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayo, kwenye kucha pia, halafu mrudie kama mlivyoelekezwa na daktari au mfamasia. Kwa watoto wachanga na wajawazito ulizia kwanza dawa ipi inafaa. Nguo na mashuka fueni kwa maji ya moto na muanike juani, visivyofulika fungieni kwenye mfuko siku kadhaa maana mdudu akikosa mwili wa mtu hadumu zaidi ya siku 2 au 3.

Na muwasho ukiendelea wiki 2 mpaka 4 baada ya dawa msianze kujipaka upya kila siku, mara nyingi ni ngozi tu bado inapambana na mabaki ya wadudu waliokwishakufa. Ukizidi hapo, au vikianza kutoa usaha, rudini mkaonwe.