Anayesema treni ya abiria ni hasara aniambie kwanza gharama ya tuta la reli ameigawaje

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi, Tabata. Shemeji yangu alisimama kutoa ahadi yake, akaishia kwenye reli. Mabasi yanajiendesha yenyewe, akasema, hayaombi hata senti Serikalini, kwa hiyo treni ya abiria isiyojilipia ife tu. Watu wakampigia makofi. Kazi yangu ni hesabu za gharama za reli, na maneno hayo nimeyasikia msibani, kwenye daladala, na hata mezani kwa watu wanaopanga bajeti. Safari hii nimechoka kunyamaza.

Tuanze na hayo mabasi. Basi linalotoka Stendi ya Magufuli kwenda Dodoma halikujenga barabara linayopita. Linachangia kupitia tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, na mchango huo ni wa kweli. Lakini tozo inakatwa kwa lita, wakati lami inaharibiwa na uzito. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani kuanzia mwaka 1958 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli yenye uzito mara 2 inaiumiza barabara karibu mara 16, na hakuna lori linalokunywa dizeli mara 16. Tofauti hiyo inalipwa na mimi, na wewe, na mama muuza vitumbua asiye na hata baiskeli. Hiyo ni ruzuku, ila haijaandikiwa mstari wake kwenye kitabu cha bajeti. Mwendokasi nao, kilomita 20.9 za awamu ya kwanza hazikujengwa kwa nauli. Zilijengwa kwa fedha za umma na mkopo wa Benki ya Dunia, na zinatubeba. Mbona hatusemi Morogoro Road ilete faida kwanza?

Sasa hiyo "hasara" yenyewe. Hapa naomba subira, maana hapa ndipo watu wanaponikera.

Reli ya kati ni tuta moja linalobeba mizigo na abiria. Ziko gharama zinazoifuata treni yenyewe: dizeli ya kichwa, posho ya dereva, usafi wa mabehewa. Hizo hazina ubishi. Halafu ziko zinazokaa pale pale treni ipite isipite: madaraja, mataruma, kokoto, mishahara ya gengi la njia, ofisi za makao makuu. Hizi za pili lazima mtu aketi azigawe. Ukizigawa kwa tani-kilomita, yaani uzito mara umbali, mizigo inabeba karibu zote na abiria anaonekana mtu mwema. Ukizigawa kwa treni-kilomita, yaani umbali wa kila treni bila kujali uzito, treni nyepesi ya abiria inahesabiwa sawa na treni ya makontena, na hasara inaruka juu. Mwaka ni ule ule, treni ni zile zile, fedha iliyoingia ni ile ile.

Nilipokuwa kijana kwenye ofisi moja, nilibadilisha kigawanyo hicho kimoja tu kwenye jedwali. Hasara ya huduma ya abiria ikapungua mno, hata mkuu wangu akasogeza kiti, akaanza kukagua fomula zangu mstari kwa mstari akitafuta kosa. Hakulipata. Akaniambia rudisha kama ilivyokuwa, kwa sababu ndivyo ripoti ilivyoandikwa miaka yote. Nikarudisha, na mpaka leo inanikaa rohoni.

Swali linalofaa ni hili: ukiifuta treni ya abiria kesho, ni gharama ipi inaondoka nayo? Mto Mkondoa ukila tuta kati ya Kilosa na Gulwe, tuta litajengwa tu, kwa sababu kuna mizigo ya Kigoma na Mwanza inayosubiri. Kumtwisha abiria wa daraja la tatu sehemu ya kokoto hizo kwa kuwa naye hupita ni kumdai mgeni wa usiku mmoja bei ya bati la nyumba. Haimaanishi kwamba hadaiwi chochote. Treni ya watu inataka njia iliyonyooka na kukaguliwa zaidi kuliko behewa la saruji, na hilo lina bei. Bei hiyo ndiyo yake.

Vitabu vinaishia hapo kana kwamba jibu limepatikana. Halijapatikana. Gharama "inayoondoka" inategemea unatazama muda gani. Kwa wiki moja inaondoka dizeli tu. Kwa miaka 10 yanaondoka mabehewa, karakana, na nusu ya wafanyakazi wa stesheni. Mimi hutumia miaka 5. Mwenzangu ninayemheshimu hutumia 10, na majibu yetu hayafanani. Sina hoja ya kumshinda, naye hana ya kunishinda.

Mbona Japani treni za abiria zinaleta faida? Nimeulizwa sana. Ndiyo, kampuni za reli za JR zinazohudumia Tokyo zinapata faida. Lakini shirika la zamani la reli la taifa lilipovunjwa mwaka 1987 zikazaliwa kampuni hizo, sehemu kubwa ya madeni yake ilibebwa na Serikali, na kampuni za Hokkaido na Shikoku ziliwekewa mfuko wa kuzishikilia tangu siku ya kwanza. Tuendelee.

Treni ya mjini ina tatizo lake. Ile iliyoanza Oktoba 2012, tukaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, gharama yake inaamuliwa asubuhi na jioni. Kichwa na mabehewa ni ya hizo saa chache, mchana yamelala. Alfajiri, watu wa Pugu na Gongo la Mboto wamebanana mpaka mlango haufungi. Behewa lile lile likirudi kuchukua wengine, unahesabu vichwa kwa vidole. Nauli anayoimudu mtu wa Gongo la Mboto haiwezi kulipia safari mbili. Zamani nilikuwa natetea kwa kusema treni inapunguza foleni Nyerere Road. Siku hizi sisemi hivyo, kwa sababu nafasi ikipatikana barabarani, magari mengine huijaza. Nasema inafikisha kazini watu wengi zaidi, na hilo nalitetea mbele ya yeyote.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anafaidi. Kila anayenunua sufuria ya kuagizwa Kariakoo amechangia reli, maana tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5, inakatwa kwenye bidhaa zinazoingia. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida kwenda Dodoma ilikuwa 31,000. Naipenda treni ile na naipanda. Lakini abiria wake wengi, mimi nikiwemo, tuna njia nyingine ya kufika. Mama wa daraja la tatu anayeshuka Kaliua usiku na magunia yake hana. Shilingi ya ruzuku ikiwa moja, mimi naiweka kwenye behewa lake.

Na isitolewe kwa kuziba pengo mwisho wa mwaka. Huo ndio ugonjwa, kwa sababu pengo likizibwa lote, hakuna anayejali choo cha behewa kimefungwa tangu Morogoro. Ruzuku inunue kitu kinachohesabika, kwa mkataba: treni ya alfajiri kutoka Pugu, saa yake, idadi ya mabehewa, malipo kwa kila safari iliyofanyika, na makato ikichelewa. Makato hayo ndiyo ninayoendelea kuhangaika nayo. Yakiwa madogo, mwendeshaji anayalipa na kuendelea kuchelewa. Yakiwa makubwa, anaongeza dakika 20 kwenye ratiba, treni inafika "kwa wakati" kila siku, na mtu wa Pugu anaamka mapema zaidi.