Kuacha pombe si suala la nia peke yake

Tumekua tukiambiwa kwamba mlevi akiamua kweli, anaacha leo leo, tena peke yake. Si kweli, na kwa aliyekunywa sana kila siku kwa miaka ni hatari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, mikono hutetemeka hadi chai inamwagika kikombeni. Wengine huanguka kama wenye kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo, au huweweseka. Huyo anahitaji daktari, jamani, si kusimangwa.

Kisha anahitaji watu. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson alipokaribia kurudia chupa alimtafuta mlevi mwenzake, Dk. Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15 tu. Walizungumza zaidi ya saa 6. Ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe.