Harufu ya nondo jike: yasemwayo shambani na ukweli wake

Dhana: Nondo wa kiwavijeshi vamizi, kiwavi anayeshambulia mahindi, hutoka kwenye buu akiwa na akiba ya harufu ya kuita dume, akaitumia mpaka iishe.

Ukweli: Huitengeneza upya. Tezi iko nchani mwa tumbo, kati ya pingili ya 8 na ya 9, na malighafi ni pamoja na mafuta ya mwilini. Huanza na asidi ya mafuta yenye kaboni 16. Kimeng'enya huweka bondi maradufu kwenye kaboni ya 11. Kisha kaboni 2 hukatwa, zinabaki 14, na bondi ileile sasa huhesabiwa ya 9. Asidi hugeuzwa alkoholi, alkoholi ikawa asetati. Sehemu ndogo ya asidi hiyo, kabla ya kugeuzwa, hukatwa tena hadi kaboni 12. Uwiano wa asetati hizo mbili, ya kaboni 14 na ya 12, ndio wito wenyewe. Kwa nondo wengi, homoni kutoka kichwani huiamsha tezi giza linapoingia.

Kiasi ni kidogo mno kwa pua ya mtu. Adolf Butenandt wa Ujerumani alitumia karibu nondo wa hariri 500,000 na takriban miaka 20 kuitambua harufu ya aina hiyo, mwaka 1959.

Dhana: Siku zote jike ndiye anayeita.

Ukweli: Dumuzi, mbawakawa yule anayeyageuza unga mahindi ya ghalani Kongwa, Dodoma, ni kinyume: dume huita akiwa anatoboa punje, na huja madume na majike. Jike akishafika, dume hupunguza harufu.

Dhana: Mtego wa chambo chenye harufu ya jike utamaliza viwavi.

Ukweli: Hunasa madume tu, na dume mmoja aliyesalia hupanda majike kadhaa. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba nondo wameingia. Utundike mahindi yanapochipua, baada ya mvua za Desemba, uwe sentimita 30 juu ya mimea, uupandishe mahindi yakirefuka. Badili chambo kila wiki 4 hadi 6. Kwa jua la Dodoma, bora 4, maana joto huikausha harufu haraka. Usikishike kwa mkono mtupu, hasa ukitoka kugusa chambo cha mdudu mwingine. Kile cha zamani usikitupe shambani, kitaendelea kuwavuta madume kando ya mtego. Vya akiba viwekwe kwenye friza.

Mtego ukiwa mtupu huku majani ya mahindi yana vidirisha (mabaka yaliyokwanguliwa yanayopitisha mwanga), amini majani: pasua majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea utafute viwavi.