Kabla ya Kusema "Mfumo Umekwama": Kusanifu na Kuanzisha Programu ya Mtiririko wa Kazi Ofisini

Ofisi nyingi zinahama kutoka jalada la karatasi kwenda programu ya mtiririko wa kazi, yaani programu inayopitisha ombi kutoka meza moja hadi nyingine mpaka liamuliwe, na kadiri zinavyohama ndivyo malalamiko yanavyoongezeka kwenye dawati letu la huduma za mifumo. Karibu yote yana maneno mawili: "Mfumo umekwama." Tunaomba maneno hayo yapumzishwe. Ukifungua kumbukumbu za matukio za ombi lililolalamikiwa, mara nyingi utakuta lilimfikia mhusika, likafunguliwa, likafungwa, na halijaguswa tena. Hapo mfumo haujakwama. Kuna mtu hajaamua, na aliyesanifu mfumo hakupanga kifanyike nini mtu asipoamua.

Makala haya ni kwa ofisi zinazotaka kusanifu, kununua au kurekebisha programu ya aina hii. Tunasisitiza jambo moja, na mengine yote yanatokana nalo: kila ombi, kila wakati, liwe na mtu mmoja anayelishikilia na muda wa mwisho wa kulitoa mikononi mwake.

Kukwama kuna aina tatu, na kila moja ina tiba yake. Maombi ya watu wote yakisimama, angalia seva au mtandao. Maombi ya aina moja yakisimama katika hatua ileile, kuna kanuni iliyoandikwa vibaya ndani ya mtiririko. Ombi moja likisimama huku mengine ya aina yake yakipita, lipo kwa mtu. Kwa hiyo lalamiko liwe na namba ya ombi, hali yake kama inavyosomeka kwenye skrini, wadhifa unaolishikilia, na tangu lini. Picha ya skrini isiyo na namba ya ombi haitusaidii kulitafuta.

Usanifu hauanzi na programu. Unaanza na majalada yaliyokwisha kufungwa. Chagua mchakato mmoja, kwa mfano maombi ya likizo au ya manunuzi madogo, kisha chukua majalada 20 hadi 30. Usichague yaliyonyooka tu, kwa sababu yale yaliyozungushwa na kurudishwa ndiyo yenye mafunzo. Kwa kila jalada andika tarehe ya kuingia na kutoka katika kila meza, halafu tenganisha muda wa kufanyiwa kazi na muda wa kusubiri. Mara nyingi jalada lililochukua wiki mbili limefanyiwa kazi kwa saa chache, na siku zilizobaki lilikuwa likisubiri. Programu inayoharakisha ujazaji wa fomu bila kugusa kusubiri huko haitapunguza wiki hizo mbili.

Wahoji wenye meza mmoja mmoja, si mbele ya mkuu wao. Mbele ya mkuu watu hueleza mwongozo unavyosema. Wakiwa peke yao hueleza wanavyofanya. Maswali matatu yanatosha kuanzia: unarudisha jalada kwa sababu zipi, usipokuwepo nani anaamua, na ni lini unaruka hatua. Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayovunja mfumo wako baadaye usipoyaandika sasa.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia kumaliza ubishi kuhusu ucheleweshaji. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha kwamba, katika mfumo uliotulia, yaani ambao kwa wastani vinavyoingia ni sawa na vinavyotoka, wastani wa idadi ya vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Maombi 12 kwa siku, kila moja likikaa siku 5, yanafanya maombi 60 yaliyo njiani. Ukihesabu ukakuta 180 wakati kasi ya kuingia ni ileile 12, basi wastani wa muda ni siku 15, hata kama mkuu wa idara anaamini ni siku tano. Hesabu hii haihitaji programu yoyote. Inahitaji kuhesabu majalada yaliyo mezani na kuangalia daftari la mapokezi.

Baada ya hapo chora mtiririko. Alama zinazokubalika kimataifa ni za BPMN, lugha ya michoro ya kuonyesha hatua za mchakato. Toleo la 2.0 lilitolewa na OMG, taasisi ya kimataifa ya viwango vya programu, mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha ISO/IEC 19510. Alama ni nyingi, lakini timu ya ofisi inahitaji chache: duara la mwanzo na la mwisho, mstatili wenye kona za mviringo kwa kazi, almasi kwa lango la uamuzi, na safu zinazoonyesha wadhifa unaofanya kila kazi. Andika kila kazi kwa kitenzi: "Hakiki bei", si "Uhakiki". Ukishindwa kupata kitenzi, huenda hakuna kazi inayofanyika pale, na hatua hiyo iondolewe.

Malango ndiyo yenye mitego. Lango la kuchagua njia moja lazima liwe na njia ya akiba, ile inayofuatwa masharti mengine yote yanapogoma. Bila hiyo, ombi lenye thamani ambayo hakuna aliyeifikiria litasimama hapo. Mtego mbaya zaidi ni kuchanganya aina za malango. Msanifu anaweka lango linalofungua njia moja kati ya mbili, halafu mbele anaweka lango la kuunganisha linalosubiri njia zote mbili. Njia ya pili haikufunguliwa kamwe, kwa hiyo ombi linasubiri milele na hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini. Kanuni ni kwamba lango linalofungua na lango linalofunga njia hizo ziwe za aina moja. Kagua kila jozi kwa kidole, kwenye mchoro uliochapishwa.

Hali za ombi ziwe chache na zenye maana moja kila moja: rasimu, limewasilishwa, linahakikiwa, limerudishwa, limeidhinishwa, limekataliwa, limefutwa, limekamilika. Watumiaji wengi huchanganya kurudisha na kukataa, na baadhi ya mifumo inawasaidia kuchanganya kwa kuweka kitufe kimoja. Kurudisha ni kusema "rekebisha, tutaendelea". Kukataa ni mwisho wa ombi. Vyote viwili vidai sababu iliyoandikwa, na kwa kurudisha msanifu aamue mapema ombi likirekebishwa linaanzia wapi. Likirudi kwa aliyelirudisha, muda unaokolewa. Lakini ikiwa mwombaji amebadilisha kiasi cha fedha, tarehe au mpokeaji, idhini zote zilizotangulia zibatilike na safari ianze upya. Bila kanuni hiyo, mtu ataidhinishiwa 50,000, arudishiwe fomu arekebishe kiambatisho, abadilishe kuwa 500,000, na idhini za zamani zibaki zimesimama.

Kwenye mtiririko andika wadhifa, si jina la mtu. Jina huhama, hustaafu, huenda likizo. Wadhifa wenye watu kadhaa uwe na kisanduku cha pamoja ambamo mmoja huchukua ombi na tangu hapo linakuwa lake. Ombi lililotumwa kwa wote bila kuchukuliwa na yeyote halina mwenyewe. Kukaimu kuwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kumbukumbu iandike majina mawili, aliyeamua na aliyeamuliwa kwa niaba yake. Hapa kuna kosa ambalo hata watengenezaji wazoefu hulifanya: kanuni ya kuzuia mtu kuidhinisha ombi lake mwenyewe inakaguliwa kwa wadhifa. Mhasibu anawasilisha ombi, meneja anaondoka, mhasibu anakaimu umeneja, ombi linamfikia yeye, na mfumo unampitisha kwa sababu wadhifa ni tofauti. Ukaguzi ufanywe kwa akaunti ya mtu, na likitokea hilo ombi lipande ngazi inayofuata.

Muda wa mwisho uhesabiwe kwa saa za kazi. Saa 48 zinazoanza Ijumaa saa kumi jioni zinaisha Jumapili, na Jumatatu asubuhi kila mtu atakuta amechelewa. Weka kalenda ya sikukuu ndani ya mfumo na mteue mtu wa kuihuisha kila mwaka. Saa isimame ombi linaporudishwa kwa mwombaji, la sivyo afisa atahesabiwa siku ambazo hakuwa nalo. Nusu ya muda ikipita, kikumbusho kimoja kiende kwa mshikaji. Muda ukiisha, ombi lipande kwa msimamizi wake. Usiruhusu ombi la fedha lijiidhinishe lenyewe kwa sababu muda umeisha. Tunaombwa hilo mara kwa mara kwa jina la ufanisi, na jibu ni hapana, kwa sababu ukimya wa mtu si uamuzi wake.

Fomu iulize tu kile ambacho mwamuzi wa hatua inayofuata atakitumia. Kiasi kiwe namba, tarehe ichaguliwe kwenye kalenda, idara ichaguliwe kwenye orodha. Idara ikiandikwa kwa mkono, mwisho wa mwaka utakuta tahajia sita za idara moja na ripoti isiyojumlishika.

Kuhusu sahihi, tuseme wazi kwa sababu swali hili halikomi. Picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye waraka haithibitishi chochote. Yeyote mwenye picha hiyo anaweza kuibandika. Ndani ya mfumo, ushahidi wa idhini ni kumbukumbu inayoonyesha akaunti gani, ilifanya nini, saa ngapi, juu ya toleo lipi la ombi. Kumbukumbu hiyo iongezwe tu, isihaririwe na yeyote, msimamizi wa mfumo akiwemo. Kosa hurekebishwa kwa kuandika tukio jipya.

Ushahidi huo unakufa siku nywila inapogawiwa. Kwa hiyo taratibu zifuatazo ziingizwe kwenye mwongozo wa ofisi kabla mfumo haujawashwa. Akaunti ikijulikana kutumiwa na mtu mwingine, inafungwa siku hiyohiyo na kila kifaa ambacho bado kimeingia kwa akaunti hiyo kinatolewa. Mwenye akaunti anaandika maelezo. Maamuzi yaliyofanywa kwenye akaunti hiyo katika kipindi kinachotiliwa shaka yanaorodheshwa. Kila moja linathibitishwa au kubatilishwa na mwenye wadhifa akiwa mbele ya msimamizi wake. Akaunti inafunguliwa kwa nywila mpya baada ya msimamizi huyo kuidhinisha kwa maandishi. Kurudia kosa kunaondoa haki ya kuidhinisha, mhusika akabaki na haki ya kuwasilisha na kusoma tu, na suala linapelekwa kwenye mamlaka ya nidhamu. Aliyeitumia akaunti ya mwenzake anachukuliwa hatua sawa na aliyeitoa. "Bosi ndiye aliyenipa nywila" haipunguzi kosa, na "katibu wangu huniidhinishia" ni kukiri. Mwenye kazi nyingi atumie kipengele cha kukaimu au kukasimu, ambacho ni cha dakika mbili.

Kabla ya kuwasha, jaribu kila njia iliyo kwenye mchoro, si ile iliyonyooka peke yake. Ukomo wa idhini wa msimamizi ukiwa 1,000,000, jaribu 999,999, jaribu 1,000,000 kamili, jaribu 1,000,001. Namba ya katikati ndiyo inayofichua mtengenezaji aliyeandika "chini ya" badala ya "isiyozidi". Jaribu mwombaji ambaye ni mwidhinishaji, na mwidhinishaji aliye likizo bila kaimu. Bofya "Wasilisha" mara mbili haraka uone kama yanazaliwa maombi mawili. Waache watu wawili wafungue ombi moja kwa wakati mmoja, mmoja aidhinishe, mwingine akatae. Mfumo mzuri hulinganisha namba ya toleo na kumwambia wa pili kwamba ombi limeshabadilika, afungue upya. Mfumo mbaya hupokea vyote, na uamuzi wa mwisho unafuta wa kwanza kimyakimya.

Anza na idara moja kwa wiki nne hadi sita, na mchakato mmoja. Karatasi iendelee sambamba kwa muda mfupi tu, tarehe ya kukoma ikiwa imeandikwa na kutangazwa. Ofisi isiyoweka tarehe hiyo huishia kuwa na mifumo miwili: ombi linajazwa kwenye programu, linachapishwa, linasainiwa kwa kalamu, linaskaniwa na kurudishwa kwenye programu. Kazi imeongezeka na lawama inaenda kwa mfumo. Majalada yaliyokwisha kuanza kwa karatasi yamalizwe kwa karatasi. Kuyahamisha yakiwa katikati kunapoteza historia ya nani aliamua nini.

Mabadiliko yatakuja mara tu watu watakapoanza kutumia. Kila mtiririko uwe na mmiliki mmoja kutoka idara yenye mchakato, si kutoka kitengo cha mifumo, maana sisi hatuna mamlaka ya kuamua nani aidhinishe malipo yenu. Badiliko likiwekwa, toleo jipya linahusu maombi yanayoanza baada ya hapo, na yaliyo njiani yanamalizia toleo lililoyaanzisha. Ombi la badiliko lieleze hatua inayobadilishwa, sababu, nani ataathirika, na tarehe ya kuanza kutumika. Linajaribiwa kwenye mazingira ya majaribio, mmiliki analipitia na kulikubali kwa maandishi, ndipo linawekwa. Badiliko lisilo na kibali cha mmiliki haliwekwi, hata likiombwa kwa simu na mkuu wa idara.